Hofu ya Kifo Isitufanye Watumwa

Ndugu Wakristo, misibani tunaimba habari za mbinguni hadi sauti zinakauka, kisha tunarudi nyumbani kuishi kama watu wasio na tumaini. Mgonjwa akielekea kukata roho, jamaa zake wanamficha jambo analolijua mwenyewe. Ukimshauri mzee aandike wosia, anakuuliza kama unamtakia kifo. Na wapo waliouza kiwanja wakampelekea fedha mtu aliyejiita nabii, kwa ahadi kwamba mauti haitapiga hodi kwao. Imani hii inatufaa nini, ikiwa siku yenyewe ya kuhitajiwa inakosa la kusema?

Sisemi kwamba Mkristo hatakiwi kutetemeka. Anayedai haogopi hata chembe anajisifu tu. Bwana wetu alilia kaburini kwa Lazaro, ingawa alijua atakalolitenda punde. Na kule Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke. Mtume Paulo hakukiita kifo rafiki. Alipowaandikia Wakorintho alikiita adui, tena wa mwisho. Kwa hiyo wahubiri wanaowakemea wafiwa kwa sababu ya machozi wanajifanya kumzidi Kristo. Waraka kwa Waebrania umegusa penyewe: kuna watu ambao hofu ya mauti huwaweka utumwani maisha yao yote, na Kristo alikuja kuwafungua. Kinachopigwa vita pale ni utumwa.

Utumwa wenyewe ukoje? Tazameni Uganda ya mwaka 1977, chini ya Idi Amin, wakati neno moja lililosemwa vibaya liliweza kumpeleka mtu asikorudi. Usiku wa kuamkia 5 Februari askari waliivamia nyumba ya Askofu Mkuu wa Kianglikana, Janani Luwum, kilimani Namirembe, wakidai wanatafuta silaha. Hawakupata kitu. Mwenye busara za dunia hii angeshukuru kwamba amesalimika, akanyamaza. Huo ndio utumwa. Lakini Luwum na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu. Tarehe 16 Februari waliitwa mbele ya umati wa askari, silaha zimepangwa ili Luwum aonekane mhaini. Baadaye wenzake wakaambiwa waende zao, yeye akabakizwa. Serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Waliouona mwili waliona matundu ya risasi. Akazikwa kwao Mucwini, kaskazini, na Namirembe likabaki kaburi lililochimbwa kwa ajili yake bila maiti. Waumini walikusanyika kandokando ya kaburi hilo tupu, wakaimba. Serikali iliwanyima mwili pasipo kujua imewapa mahubiri gani!

Sasa mtazameni Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, aliyekuwa pamoja na Luwum siku ile. Alipoonywa kwamba zamu yake imefika, alivuka milima usiku pamoja na mkewe, kwa miguu, hadi Rwanda. Je, alikosa imani? Hata kidogo. Paulo naye aliteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Kutoogopa kifo hakumaanishi kukitafuta, na mgonjwa anayetupa dawa za hospitali akisema ameshapona kwa imani hamtukuzi Mungu. Huko ugenini Kivengere aliandika kitabu cha kusema kwamba anampenda Idi Amin. Wako walioona amepita kiasi. Mimi naona kusamehe namna ile ni kugumu kuliko kufa.

Ujasiri huo haukuzuka saa ya mwisho. Luwum aliokoka mwaka 1948, katika uamsho ulioenea Afrika Mashariki, ambamo watu waliungama dhambi hadharani, wakarudisha walivyoviiba, wakaombana radhi. Mtu aliyeishi hivyo kwa miaka 29, aliyekwisha kuizika sifa yake mwenyewe mbele ya jirani zake, mtawala atamtisha kwa kitu gani?

Basi nawasihi tuanzie huko kwa jirani. Andika wosia wako, mkeo na wanao waujue. Mwendee ndugu mliyekosana kwa ajili ya mpaka wa shamba, angali hai. Mgonjwa akikuuliza kama anakufa, usimdanganye. Kaa naye, msomee zaburi aipendayo, umwitie mchungaji au padre akili ikiwa bado timamu. Ukitakiwa kazini kutia sahihi kwenye uongo, kumbuka kwamba wanaokutisha hawajafika hata kwenye uhai wako, wameishia kwenye mshahara. Na wachungaji wetu wayafundishe haya Jumapili za kawaida, watoto nao wakisikia, wasingoje mpaka jeneza liwe mbele ya madhabahu.