Mtopetope uani si anasa

Mwandishi aliyetushauri sisi wakulima wa Masasi na Newala tusipoteze maji kwa mitopetope na mistafeli, eti hii ni nchi ya korosho, amekosea. Mkorosho wenyewe ni mgeni: Wareno waliuleta pwani yetu katika karne ya 16, asili yake Brazili. Waliotutangulia wangekuwa na hofu kama yake, leo tusingekuwa nao.

Kutegemea zao moja kuna gharama. Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za wanunuzi mnadani, hadi Serikali ikatangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mtoto hawezi kusubiri mnada ndipo ale tunda.

Hoja ya maji ni ya kweli, maana mchanga wa uwanda wa Makonde hauyashiki. Lakini ina dawa. Hapa Chilangala, Newala, chimba shimo la sentimita 60 kabla ya mvua za Desemba, changanya udongo wa juu na debe la samadi iliyooza, panda mche, tandaza nyasi kavu zisiguse shina, kisha mwagia maji yaliyooshea mboga. Mtopetope ukishashika mizizi hustahimili ukame. Mikorosho ibaki shambani. Uani tuwapandie watoto matunda.