Arifa ya Ploti Isikuharakishe Kutuma Pesa

Wateja wetu wengi wanaosaka ploti siku hizi hawakeshi tena wakipitia matangazo moja moja. Unaiambia programu mara moja tu unachotaka: Juja, futi 50 kwa 100, bei isizidi uwezo wako. Tangazo jipya likitokea, simu inalia. Mtindo huo tunauunga mkono kabisa. Ukiuacha uendelee miezi miwili mitatu, utazijua bei za eneo hilo bila kumtegemea dalali. Utaona pia ploti ileile ikirudi na namba nyingine ya simu, picha ni zilezile, bei imeshuka. Hapo ujue kuna jambo.

Shida yetu ni kinachofuata. Arifa imelia saa mbili usiku. Unapiga, unaambiwa wengine watatu wanaitaka, tuma elfu ishirini uwekewe. Na kwa vile pesa iko papo hapo mkononi, unatuma! Sisi riziki yetu ni watu kutuma pesa, lakini hii afadhali usitume. Ukikosea namba, unaweza kuomba muamala urudishwe. Ukimtumia tapeli kwa hiari yako naye akazitoa, hiyo si kazi ya kubonyeza kitufe tena, ni kesi ya polisi, na kuzipata ni bahati.

Programu inasoma tangazo tu. Haijui hati ni ya nani. Kwa hivyo omba kwanza nakala ya hati miliki, kisha ufanye sachi, ama kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali ulioanzia Nairobi mwaka 2021, ama kwenye ofisi ya ardhi ya eneo husika kama bado haijaingizwa humo. Sachi itakuonyesha mwenyewe ni nani, na kama ardhi imewekwa rehani benki au imezuiliwa. Halafu, kabla hujathibitisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Hati inasema Wanjiku na simu inasema Otieno? Acha hapo, uliza. Na mkataba uwe wa maandishi, wenye sahihi na mashahidi. Sheria ya Kenya haitambui mauziano ya ardhi ya mdomo.

Muuzaji akikataa kutoa namba ya hati mpaka ulipe kwanza, futa namba yake. Arifa nyingine italia tu.