Gari Lisilo na Chesisi Halikatwi Ovyo

Wako wenye magari wanaoamini kwamba gari lolote laweza kukatwa nyuma likageuzwa pikapu. Imani hiyo ina asili yake. Kwa miaka mingi barabara zetu za vumbi zilikuwa himaya ya Land Rover, gari lenye chesisi ya boriti mbili ndefu za chuma, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Fundi aliweza kuondoa bodi ya nyuma yote, akaunda nyingine ya mbao au bati, na gari likaendelea kubeba mahindi. Hata leo karakana za Arusha hurefusha Land Cruiser za watalii kwa kutegemea chesisi hiyo hiyo: ndiyo inayobeba uzito, si bati.

Lakini magari yamebadilika. Toyota RAV4 tangu mwaka 1994, Mitsubishi Pajero tangu mwaka 1999, na hata Land Rover Defender mpya iliyozinduliwa mwaka 2019, hazina chesisi inayojitenga na bodi. Bodi ndiyo chesisi. Sakafu, paa, nguzo na fremu ya mlango wa nyuma vimeunganishwa kuwa sanduku moja, ambalo kila upande wake huusaidia mwingine. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa boksi la karatasi ngumu: likifungwa halisokoteki, likikatwa upande mmoja, mtoto mdogo hulipinda atakavyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Marekani. Jeep Cherokee ya American Motors, iliyoanza na toleo la mwaka 1984, ilijengwa kwa namna hiyo, na wapenzi wa magari ya porini huko huikata nyuma wapate pikapu. Basi tuangalie kampuni yenyewe ilifanyaje ilipotaka pikapu, ile Comanche ya toleo la mwaka 1986. Haikushika msumeno na kuishia hapo. Nyuma ya viti ilijenga ukuta kamili, na chini ya sanduku la mizigo ikaweka fremu imara ya chuma iliyoungana na mifupa ya kibanda. Wahandisi wenye kila chombo cha kupimia walilazimika kurudisha nguvu waliyoiondoa. Sisi tumesamehewa na nani?

Anayekata hana budi kufuata njia hiyo. Kabla ya msumeno kuwashwa, vyuma vya muda vifungwe kati ya nguzo ili kibanda kisihame. Kisha lijengwe zuio la bati nene, lichomelewe sakafuni, nguzoni na paani, sanduku lijifunge upya. Chini ya sakafu ya Cherokee kuna mifupa miwili ya bati lililokunjwa kama mfereji, toka mbele hadi nyuma. Hiyo huvikwa vyuma vya unene wa milimita 3 hivi, kwa urefu wake wote, wala si kiraka cha kufunika jeraha. Chuma kinachokoma ghafla huhamishia mkazo pale kinapokomea, na bati hupasuka papo hapo. Ikumbukwe pia kwamba ncha za nyuma za springi na tangi la mafuta hushikwa na mifupa hiyo hiyo. Anayefupisha mkia bila kufikiri anakata kinachoshika ekseli.

Uchomeleaji nao unataka subira. Bati la bodi ni jembamba. Likichomwa kwa mkupuo mmoja hupinda au hutoboka. Huchomwa vipande vifupi, huku kisha kule, tangi likiwa limetolewa na betri imefunguliwa. Katika magari mapya zaidi kuna nguzo za chuma kilichokomazwa, ambacho joto la kuchomelea hukilegeza. Hizo zisiguswe kabisa.

Hatusemi mafundi wetu hawayajui haya. Wengi wanayajua vizuri. Kikwazo ni mwenye gari, mara nyingi mtumishi mwenye mshahara wa kudunduliza, anayetaka chombo cha kupelekea chakula cha kuku baada ya saa za kazi. Kutafuta riziki si kosa. Lakini hubishana bei mpaka fundi anaacha ukuta, anaacha vyuma vya chini, na kinachobaki ni rangi. Rangi ni hodari sana wa kuficha. Wa kwanza kudhurika gari likikatika korongoni ni kibarua aliyeketi juu ya magunia, ambaye hakuulizwa lolote wakati wa kupatana bei.

Kwa hiyo wanaokagua magari yaliyobadilishwa umbo wasiridhike na taa na honi. Walale chini waangalie mifupa. Kisha wainue gurudumu moja la nyuma kwa jeki na kujaribu milango. Mlango ukikataa kufunguka, au kioo cha mbele kikiwa na ufa usiotokana na jiwe, gari hilo lirudishwe karakana kabla halijapakiwa gunia hata moja.