Alirudi Nagoya, safari hii bila bomu!

Wiki hii naomba tuache kidogo habari za nani kamwacha nani na nani kaonekana na nani. Nataka tuongelee kinyongo, maana hapa mjini kila mtu ana mtu aliyemnunia. Huyu hasalimiani na dada yake kwa sababu ya kanga, yule kahama kijiwe kwa ajili ya deni la nauli. Ukimuuliza vipi, anakujibu bila aibu, "Yule simsamehi mpaka naingia kaburini."

Haya, kaa kitako usikie habari za marehemu Jacob DeShazer, Mmarekani wa Oregon aliyefariki Machi 15, 2008 akiwa na miaka 95. Huyu mzee alianza na bomu, akamalizia na Biblia.

Desemba 7, 1941 ndege za Kijapani zilipoishambulia Pearl Harbor na kuua Wamarekani zaidi ya 2,400, DeShazer alikuwa jeshini, tena zamu yake siku hiyo ilikuwa ya jikoni, anamenya viazi. Habari ilipomfikia alikibamiza kiazi ukutani, akaapa kwamba Wajapani watalipa.

Hakuwa anatania. Aprili 18, 1942 ndege 16 aina ya B-25, zenye watu 80 chini ya Jimmy Doolittle, ziliruka kutoka meli ya kivita Hornet kwenda kuipiga Japani. Mshikaji wetu alikuwa kwenye ndege ya mwisho, na kazi yake ilikuwa kuachia mabomu. Wakautwanga mji wa Nagoya. (Na usiseme hiyo ilikuwa vita ya Wazungu, babu zetu wa KAR nao walipelekwa Burma kupambana na Wajapani haohao.)

Kasheshe ilikuwa kutua. Ndege zile zisingeweza kurudi melini, hivyo walitakiwa wapitilize mpaka China. Mafuta yakakata usiku, wakaruka kwa miavuli, na DeShazer akaangukia eneo lililokuwa mikononi mwa Wajapani.

Walikamatwa wanane. Oktoba 1942 watatu walipigwa risasi, wawili kati yao wa ndege yake mwenyewe. Wa nne alifia jela mwaka 1943 kwa njaa na maradhi. DeShazer alikaa kifungoni miezi 40, na katika hiyo, miezi 34 alikuwa peke yake chumbani. Hebu fikiria, wewe umeme ukikatika saa mbili tu unaanza kuongea na ukuta!

Moyo wake ulijaa chuki, na nani angemlaumu? Mei 1944 walinzi wakamwazima Biblia, wiki tatu tu halafu irudishwe. Akaisoma kama mtu anayekimbizwa. Kilichompiga hasa ni Yesu kuwaombea wauaji wake akiwa bado msalabani. Juni 8, 1944 akaamua, na mimi nitafuata njia hii.

Sasa kuamua ukiwa peke yako si kazi. Kazi ni pale mbaya wako anapotokea. Siku moja mlinzi alimsukumia ndani, akambana mguu mtupu kwa mlango, akaupiga mateke kwa buti lake. DeShazer alikuwa na kila sababu ya kuanza kulaani upya. Asubuhi yake akamwamkia yule mlinzi kwa Kijapani, kwa heshima. Jamaa akashangaa, labda huyu kachanganyikiwa! Kesho salamu tena, keshokutwa tena. Baada ya siku kadhaa mlinzi akamletea kiazi kitamu cha kuchemsha. Jamani, mtu aliyeapa kisasi kwa kiazi, leo anapewa kiazi na adui!

Hapo ndipo ninapompendea. Sisi huwa tunasema, "Nitamsalimia moyo ukipoa." Yeye alianza na salamu, moyo ukafuata nyuma. Na msidhani kusamehe kwake kulikuwa kujifanya hakuna kilichotokea. Alipoachiwa, Agosti 20, 1945, hakuficha mateso wala wenzake waliouawa. Aliyaandika yote kwenye kijarida kilichosambazwa Japani kwenyewe. Alichokataa ni kuyafanya mateso hayo kuwa kazi yake ya maisha.

Alisoma Seattle Pacific College, akamaliza 1948, na Desemba mwaka huohuo akarudi Japani na mkewe Florence, wakiwa wamisionari wa Kanisa la Free Methodist, lilelile ambalo ndugu zetu wa Burundi na Rwanda wanalifahamu. Kijarida chake kilikuwa kimemfikia mtu mmoja katika kituo cha treni cha Shibuya, Tokyo. Unajua nani? Mitsuo Fuchida, rubani aliyeongoza shambulio la Pearl Harbor! Naye akaisaka Biblia, akaokoka, akawa mhubiri mpaka alipofariki mwaka 1976. Wawili hao walikutana 1950, wakasimama pamoja mbele za watu.

Mwaka 1959 DeShazer akaanzisha kanisa Nagoya. Ndiyo, mji uleule alioupiga mabomu. Alitumika Japani karibu miaka 30 mpaka alipostaafu 1977.

Najua kuna atakayesema, "We mwandishi, hujui alichonifanyia yule." Kweli sijui, na wala sikwambii umrudishie funguo za nyumba wala umkopeshe tena. Nakwambia jaribu "mambo" moja tu, halafu kesho nyingine. Akinuna, shauri yake, wewe umeshapumua.

Na kiazi kikija, nibakizie kipande. Tukutane wiki ijayo!