Homa ya Papasi na Majina Yake Kanzidatani

Wenyeji wa Kilimatinde, na wa kanda ya kati kwa jumla, hawahitaji kufundishwa papasi ni nini. Ni mdudu wa nyufa za sakafu na kuta za udongo, ambaye hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi na kurejea mafichoni. Homa anayoiambukiza hupanda, hushuka, kisha hurudi baada ya siku kadhaa. Kwa mjamzito yaweza kuharibu mimba, kuleta uzazi wa kabla ya wakati au kumuua mtoto mchanga. Kipimo cha haraka cha malaria hakiitambui. Vimelea vyake huonekana kwa hadubini katika damu, hasa ikichukuliwa wakati homa imepanda.

Tabibu anayetaka kujua tiba ifaayo kwa mjamzito huyo aweza kufungua PubMed, kanzidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyo wazi bila malipo tangu 1997. Akiandika jina alilopewa na mgonjwa, haliwezi kumfikisha mbali. Akilitafsiri neno kwa neno, "tick fever", atakutana na homa ya virusi ya Colorado na maradhi ya ng'ombe. Kiswahili hutenganisha kupe na papasi, ilhali Kiingereza cha kawaida huwaita wote kwa neno moja. Tabibu aliyechoka, mwenye mtandao hafifu, huenda akahitimisha kwamba utafiti haupo.

Utafiti upo, ila umehifadhiwa kwa majina mengine. Atafute "relapsing fever", yaani homa ya kujirudia, kisha aongeze Borrelia duttonii, jina la kimelea, na Ornithodoros moubata, jina la papasi mwenyewe. Majina haya ayaunganishe kwa OR, ili makala yenye lolote kati yake ipatikane. Kisha aongeze AND na neno "pregnancy" ili kupunguza matokeo. Ajihadhari na Borrelia recurrentis, kwa kuwa hiyo huenezwa na chawa.

Majina hubadilika pia kwa wakati. Duttonii humkumbuka Joseph Dutton, aliyefariki Kongo mwaka 1905 akiuchunguza ugonjwa huu. Katika maandishi ya zamani kimelea hicho huitwa Spirochaeta. Robert Koch, aliyeichunguza homa hii katika nchi yetu mwaka huohuo, aliandika kwa Kijerumani. Hata jina Tanzania ni la mwaka 1964; anayetafuta makala za kabla ya hapo aandike Tanganyika.

Wako wanaosema kazi hii ni ya wakutubi. Nawaheshimu wakutubi, lakini mkutubi hawezi kukisia kwamba papasi si kupe iwapo hakuna aliyemweleza. Anayelijua hilo ni mgonjwa, na anayelisikia kwanza ni muuguzi au tabibu. Kwa hiyo napendekeza kila hospitali na zahanati iwe na daftari lenye safu tatu: jina la ugonjwa kama wasemavyo wagonjwa, jina la kitabibu, na majina ya kisayansi ya kimelea na mdudu. Kurasa chache zatosha kuanzia.

Pendekezo la pili ni kwa watafiti wetu. Tunapochapisha kwa Kiingereza, tuandike "homa ya papasi" ndani ya muhtasari na miongoni mwa maneno muhimu. Kanzidata haiwezi kurejesha neno ambalo hatukuliweka. Tukiliweka, tabibu wa kesho atafika kwenye makala hiyo kwa neno lilelile alilosikia kwa mgonjwa.

Nanyi wagonjwa, msione haya kuutaja ugonjwa kwa jina mlilolizoea. Semeni pia kama mmelala katika nyumba yenye papasi, na kama homa ilikwisha kisha ikarudi. Maelezo hayo humwonyesha tabibu apime nini na atafute nini.