Biro ya inspekta ikifungwa, sheria inabaki wapi?

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama mnaobaki nyumbani mkingojea saa ya kutoka kazini, leo tunawaletea habari ya Marekani. Msiseme ni mbali. Inatugusa.

Kule leta iko na ofisi moja inaitwa GSA, iliyoanzishwa mwaka 1949. Kazi yake ni kupatia ofisi zingine za serikali nyumba za kufanyia kazi, motokari na vifaa. Inakodi majengo, inalipa wenyewe, inachunga mikataba. Ni yeye anayeshika funguo za leta.

Mwanzoni mwa 2025, kikundi cha Elon Musk cha kupunguza matumizi ya serikali kilitoa orodha ya mikataba ya nyumba ya kukata. Ndani yake mulikuwa biro 34 za MSHA, shirika la usalama wa migodi. 7 ziko Kentucky, jimbo la makaa ya mawe.

Angalieni vizuri: hakuna aliyefuta sheria. Sheria ya 1977 ilibaki vilevile: mgodi wa chini ya ardhi unakaguliwa angalau mara 4 kwa mwaka, wa juu mara 2. Lakini inspekta asiye na biro karibu anamaliza siku barabarani, na gesi haimungojee. Wachimbaji wa kule wanajua: tarehe 5 Aprili 2010, mgodi wa Upper Big Branch, West Virginia, ulilipuka, watu 29 wakafa.

Sendika yao, UMWA, haikunyamaza. Mwezi wa tano 2025 serikali ikarudi nyuma, biro zile 34 hazitafungwa tena.

Siye tunasoma nini hapo? Kuua sheria si lazima kupita bungeni. Inatosha kukata pesa ya nyumba na ya esansi.

Kwetu Congo tuko na Code minier ya 2002, iliyorekebishwa 2018. Kwenye karatasi ni nzuri. Lakini tuliishaona inspekta akifika ndani ya motokari ya kompanyi yenyewe, akala kwenye meza yake, akarudi bila kuongea na mtu hata mumoja wa shimoni. Hatumulaumu yeye peke yake. Mtu aliyekubeba na kukulisha, utaandika makosa yake namna gani?

Kwa hiyo, wandugu wajumbe, mukikaa tena na wakubwa, mshahara tuuombe, ndiyo. Lakini tuulize na haya matatu: biro ya inspekta iko wapi? Motokari yake inanunuliwa esansi na nani? Mara ya mwisho alishuka shimoni lini?

Majibu yaandikwe, yatiwe sahihi. Siku jiwe litaanguka, mama mwenye kulia asiambiwe kama hakuna aliyeuliza.