UKURASA WA FUNDI: Shokapu za mbele zikivuja, usingoje mwezi ujao

Mara iliyopita tuliongea juu ya mnyororo. Mwezi huu tunaongea juu ya shokapu za mbele. Wengine wanaziita foku, na ndugu zetu waliosoma Kifaransa wanasema amotisere. Ni kitu kimoja: ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, inayopanda na kushuka kila tukipiga shimo.

Tuanze na habari inayotuuma. Wakati wa mvua, kijana mmoja wa boda alileta pikipiki yake tumbadilishie kebo ya klachi. Tuliona mguu wa kulia umelowa oili. Tukamwambia. Akasema atarudi akipata pesa, na sisi tukasema haya, itafika mwezi ujao. Haikufika. Oili iliteremka mpaka kwenye diski ya breki. Siku hiyo anashuka kilima na mama mmoja nyuma, akabana breki ya mbele, haikushika kitu. Ili asiwagonge watu waliopanga madumu kwenye bomba la maji, akaiingiza pikipiki kwenye ukingo wa barabara. Mama alivunjika mkono. Leo amepona, tunashukuru Mungu, lakini wiki nyingi hakuweza kulima wala kuteka maji, watoto ndio walibeba mzigo. Kosa halikuwa la kijana peke yake. Sisi tuliona, tukaiacha itoke. Ndiyo maana tunaandika haya.

NDANI YA MGUU MNA NINI?

Kila mguu una bomba la ndani linaloteleza ndani ya bomba la nje. Ndani mna springi na oili. Springi inabeba uzito. Oili inapita kwa shida katika matundu madogo, na ile shida ndiyo inayozuia springi isirukeruke kama mpira. Juu ya oili kuna nafasi ya hewa. Pale mabomba mawili yanapokutana kuna sili, mpira wenye mdomo mwembamba unaozuia oili isitoke. Juu yake kuna mpira mwingine wa kuzuia vumbi.

Sasa fikirini vumbi letu jekundu, na matope ya masika. Punje moja ya mchanga ikikaa chini ya mdomo wa sili, oili imepata njia.

DALILI

Hata mama au mtoto asiyeendesha anaweza kukagua. Chukua kitambaa cheupe, pitisha kwenye bomba linalong'aa. Kikitoka na oili, sili inavuja. Kama pikipiki ina mpira wa mikunjo unaofunika bomba, kama zile ndefu za porini, usidanganyike na ukavu wa nje. Uvute juu uchungulie. Dalili nyingine: ukifunga breki pua inazama yote, au kwenye shimo unasikia "ko!" ya chuma kwa chuma.

KWANZA SAFISHA, NDIPO UNUNUE

Siyo kila sili inayovuja imekufa. Teremsha mpira wa vumbi kwa bisibisi bapa, taratibu, bila kukwaruza bomba. Futa uchafu wote. Kata kipande chembamba cha plastiki laini kutoka kwenye chupa ya soda, kilainishe kingo zake, kiingize kati ya bomba na mdomo wa sili, ukizungushe mguu mzima. Utashangaa mchanga unaotoka. Bonyeza shokapu mara kumi, futa, endesha siku mbili tatu bila abiria. Ikibaki kavu, umeokoa pesa yako. Ikivuja tena, nunua sili, na nunua mbili. Miguu inakwenda pamoja kama ng'ombe wa jembe.

Kabla ya kununua pitisha ukucha kwenye bomba. Ukinasa mahali, kuna mkwaruzo au kutu. Mdogo unalainishwa kwa msasa laini kabisa wenye oili. Ukiwa mkubwa, sili mpya italiwa upesi, afadhali utafute bomba jingine.

KUBADILI OILI NA KUTOA HEWA

1. Weka kreti au gogo imara chini ya injini, gurudumu la mbele lining'inie. Mwenzako ashike pikipiki.

2. Legeza kwanza bolti ya juu inayobana mguu, halafu kifuniko cha juu, mguu ukiwa bado umeshikwa na bolti za chini. Hapa angalieni sana! Springi inasukuma kifuniko kutoka chini. Kwenye nyuzi za mwisho kibonyeze kwa kiganja chenye kitambaa, na uso uwe pembeni. Kifuniko kikiruka kinaweza kutoboa jicho.

3. Toa gurudumu, shusha miguu. Vuta springi, ukumbuke upande gani ulikuwa juu. Geuza mguu, mwaga oili, pampu mpaka iishe. Oili ikitoka ya kijivu au inanuka, ilikaa sana. Kama ina rangi ya maziwa, maji yameingia.

4. Kama unabadili sili, fungua bolti iliyo chini kabisa ya mguu. Ikizunguka bure bila kufunguka, rudisha springi ndani ubonyeze, itashika. Toa klipu, kisha sili. Mpya ipake oili, na funika mdomo wa bomba kwa mfuko wa plastiki ili chuma kisiikate ikipita. Upande wenye springi ndogo ya duara unatazama chini, kwenye oili. Igonge polepole pande zote ukitumia sili ya zamani kama kikalio. Bolti ya chini ina washa ya shaba. Ukiisahau, utavuja chini badala ya juu.

5. Tia oili mpya, kipimo sawa kila mguu. Kila modeli ina kipimo chake kwenye kitabu. Huna kitabu? Basi kabla ya kumwaga ule mguu usiovuja, toa springi, shusha bomba la ndani mpaka mwisho, pima kwa rula toka mdomo wa bomba mpaka kwenye oili. Siyo sahihi kama kitabu, ila ni bora kuliko kukisia.

6. Sasa kutoa hewa, kazi ambayo wengi wanairuka. Mguu ukiwa wima, springi nje, vuta na shusha bomba la ndani polepole. Mwanzoni utasikia pengo, mkono unakwenda bure, kisha unagota. Hiyo ni hewa iliyojificha kwenye matundu. Endelea mpaka uzito uwe mmoja juu mpaka chini na mapovu yaishe. Acha dakika kumi, ndipo upime tena na uongeze iliyopungua. Ukifunga hewa humo, shokapu itachezacheza kama haina oili, nawe utasema sili ni mbovu.

7. Vuta bomba mpaka mwisho wa urefu wake ndipo urudishe springi na kifuniko. Ukifunga likiwa limezama, hewa ya ndani haitakuwa sawa. Pikipiki nyingine za porini zina skrubu ndogo juu ya kifuniko. Hiyo ni ya kutoa hewa iliyojaa kwa joto la safari au kwa kupanda mlima. Ifungue kidogo gurudumu likiwa hewani, usikie "psss", ufunge.

8. Rudisha gurudumu. Kabla ya kukaza bolti ndogo za ekseli, teremsha pikipiki, pampu shokapu mara kadhaa ili miguu ijipange, ndipo ukaze.

MASWALI YENU

"Naweza kutia oili ya injini?" Ile ya 20W-50 ni nzito mno, shokapu itakuwa ngumu na pua itagonga. Iliyotumika ndiyo mbaya zaidi, ina uchafu unaokula sili. Tafuta ya shokapu, kwa pikipiki nyingi za namna hii ni 10W. Ikikosekana hata Mbarara, oili ya gia za otomatiki inasaidia. Honda wenyewe waliitaja kwenye vitabu vya baadhi ya pikipiki zao za miaka ya 1970 na 1980.

"Nabeba watu wawili na gunia, niongeze oili?" Hapana. Ukiijaza, nafasi ya hewa inapungua, na presha inasukuma sili nje. Punguza mzigo, ndugu yetu.

Oili chafu usiimwage karibu na bomba wala shambani. Ileteni gereji kwenye dumu.

KABLA HUJABEBA MTU

Kama oili ilifika kwenye breki, osha diski kwa maji ya moto na sabuni, uikaushe. Padi zilizonyonya oili tupa. Usizichome, usizisugue ukidhani zitapona. Halafu endesha peke yako mahali tambarare, jaribu breki mara tano sita.

Na sisi tumejiwekea sheria. Pikipiki yoyote ikiingia hapa, hata kwa pancha tu, tunapitisha kitambaa cheupe kwenye shokapu, bure. Kikitoka na oili, haibebi abiria mpaka ishughulikiwe. Asiye na pesa tutakaa naye tuone atalipaje kidogo kidogo. Yule mama ameshatuambia atakuwa anapita kuangalia kama tunafanya. Anapita kweli.

Mpaka mwezi ujao, tutaongea juu ya beringi za usukani. Mbaki salama, na watoto wote.